Karani Aliyezipiga Pasi Hundi za Msambweni

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1974, saa sita mchana kabla ya watu kwenda msikitini, Bwana Chirau Athmani ataifunga droo yake ya kulia kwa mara ya mwisho na kumkabidhi meneja ufunguo. Atakuwa ameitumikia Benki ya Mnazi kwa miaka ishirini na saba. Droo ya kushoto hataifunga, kwa sababu haijafungika tangu mwaka 1961, na tatizo hilo anamwachia atakayemrithi.

Mwandishi wa wasifu huu ni mpiga taipu wa tawi, Bi Khamisa Haji. Amechaguliwa kwa kuwa ndiye aliyekaa chumba kimoja na Bwana Chirau kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote, na pia kwa kuwa taipureta ni moja tu na ndiye mwenye kuijua. Mengi ya maisha ya mstaafu wetu yanajulikana. Kwa hiyo wasifu huu utaukalia zaidi mwaka 1970, mwaka ambao nusura afukuzwe kazi kwa kosa asilolifanya, huku kosa alilolifanya likifuka moshi mbele ya macho yetu sote.

Bwana Chirau alizaliwa Gazi, akasoma chuo cha Kurani na kisha shule ya serikali, na mwaka 1947 akaajiriwa kuwa tarishi katika ofisi yetu ya Mombasa. Kazi yake ilikuwa kubeba bahasha na kupika chai. Mwenyewe husema kwamba chai ndiyo iliyompandisha cheo. Meneja wa wakati huo, Mwingereza mmoja mwenye shingo nyekundu, alikataa kunywa chai ya mkono mwingine, na baada ya miaka michache akaona aibu kumtegemea kiasi hicho mtu asiyejua hata hati moja ya benki. Akamfundisha. Tawi la Msambweni lilipofunguliwa mwaka 1958, ndani ya chumba kilichokuwa duka la nguo, Bwana Chirau alirudishwa kwao akiwa karani wa hundi.

Vijana walioajiriwa majuzi hawajui hundi ilivyokuwa ikisafiri siku hizo. Ilitambuliwa kwa jicho la mtu tu. Hapa Msambweni jicho hilo lilikuwa la Bwana Chirau, na lilitosha. Alizijua saini za wateja wake kama alivyojua miendo yao. Mwaka 1963 mzee mmoja wa Vanga alileta hundi ambayo saini yake ilikosa mkia. Bwana Chirau aliitazama, akamtazama mzee, akamrudishia karatasi kupitia dirishani.

"Saini yako ina homa, mzee wangu," akamwambia. "Nenda hospitali, ukipona urudi."

Mzee aliondoka akinung'unika kwamba watoto wa Gazi wamekosa adabu. Hospitalini alikutwa na malaria iliyokwisha kumpanda. Aliporudi baada ya siku tisa mkia ulikuwa umerejea, mrefu kuliko zamani, na chini ya dirisha letu akaacha kikapu cha kaa.

Shida ilianza pale hundi ilipotoka Msambweni. Ilipanda basi, ikavuka feri Likoni, ikafika Mombasa kwenye meza ndefu yenye makarani kumi na wawili. Hao walisoma kwenye kila hundi jina la benki na jina la tawi, wakaitupa katika kijisanduku chake. Mwandiko ukiwa mbaya, au karani akiwa na njaa, hundi ilikwenda kwingine. Hundi moja ya Vanga ilitupwa kijisanduku cha Voi, ikakaa huko wiki tano. Iliporudi Bwana Chirau aliishika kwa vidole viwili na kusema kwamba imetembea Kenya kuliko yeye. Tena tulikuwa na wateja wanne walioitwa Abdulrahim Sefu. Bwana Chirau aliwatofautisha kwa urahisi, mmoja mrefu, mmoja wa kisimani, mmoja mwenye punda, na mmoja aliyeoa mara nyingi. Mombasa hawakuwa na habari ya punda wala ya ndoa, na majibu yao yalikuja yakiwa yamevurugika.

Hapa lazima tuitaje pasi.

Wateja wetu wengi ni akina mama wa ushirika wa nazi, na mwanamke wa huku akipewa kitu cha thamani hukifunga kwenye pindo la leso, yaani kanga yake. Hundi nayo ilifungwa pindoni, fundo likakazwa, ikatembea maili sita juani. Ilipofika dirishani ilikuwa imekunjamana kama jani la mgomba lililofungiwa samaki. Bwana Chirau alikuwa hawezi kuvumilia. Shati lake mwenyewe lilikuwa likisimama wima hata akilivua. Kupeleka Mombasa karatasi ya namna ile aliona ni kuwatukanisha watu wa Msambweni, na mwaka 1959 akaleta ofisini pasi ya makaa, blanketi lililokunjwa mara nne na bakuli la wanga wa muhogo.

Kila siku saa nane mchana, dirisha likishafungwa, alizinyunyizia hundi maji ya wanga kwa ncha za vidole, akazipiga pasi moja moja upande wa nyuma, akazianika kwenye kamba nyuma ya kabati. Zilitoka zimenyooka, kavu, zikilia zikiguswa. Makarani wa Mombasa walizipenda. Mwaka 1964 ofisi kuu ilimwandikia barua ya kumsifu, ikisema hundi za Msambweni ndizo safi kuliko zote za pwani. Barua hiyo ikatiwa fremu, ikatundikwa ukutani, na wanga ukazidishwa.

Katikati ya mwaka 1970 ikaja mashine. Haikuja kwetu, ilikaa Mombasa katika chumba chenye feni tatu, lakini sisi tuliletewa hundi mpya za kuwagawia wateja, na waraka. Hundi hizo zilikuwa na ukanda mweupe chini, na katika ukanda huo safu ya tarakimu zenye umbo la ajabu, nyembamba juu, nene chini. Bwana Chirau alizitazama kwa miwani, kisha bila miwani, akasema zinafanana na watu waliokula biriani.

Waraka ulieleza, na mwandishi anaeleza tena kwa faida ya vijana. Wino wa tarakimu zile umechanganywa na unga laini wa chuma. Za kwanza ni namba ya hundi yenyewe, kisha namba ya benki, namba ya tawi, na mwisho namba ya mteja. Hundi ikiingia kwenye mashine, mashine huutia ule wino nguvu ya sumaku, halafu huusoma kama mtu anayepapasa gizani. Haisomi rangi, inasoma chuma. Kwa hiyo hata tarakimu zikipigwa muhuri juu yake, au zikapakwa mafuta ya nazi, au mtu akaandika kwa kalamu mahali pasipostahili, mashine inapita chini ya uchafu wote huo na kuijua hundi ni ya nani. Haichoki, haina njaa, haijui Voi. Kazi ya meza ndefu ya siku nzima inaimaliza kabla chai haijapoa, na jibu lililokuwa likichukua siku tisa linarudi siku ya tatu. Abdulrahim Sefu wanne wakawa namba nne, na yule mwenye ndoa nyingi akatoa shukrani kwamba angalau benki imeacha kumhesabia.

Bwana Chirau aliipokea mashine kwa moyo mkunjufu isipokuwa jambo moja. Tawi la Kwale lilipewa namba kumi na sita na Msambweni kumi na saba. Aliona tumewekwa nyuma ya Kwale, watu waliokaa juu ya mlima wao wakituangalia utosini. Aliandika barua tatu. Ofisi kuu ilijibu ya tatu, ikisema kwa upole kwamba mashine haina habari kwamba kumi na sita ni mbele ya kumi na saba. Bwana Chirau alisema mashine haina habari lakini Kwale wanayo.

Wiki ya tatu habari mbaya zikaanza. Kati ya kila hundi mia za Msambweni, mashine ilikuwa inazitapika arobaini. Matawi mengine, hata yale tuliyokuwa tukiyacheka kwa uchafu, yalirudishiwa mbili au tatu. Hundi zetu nyingine zilipita mbili mbili zikiwa zimegandana, mashine ikazisoma kama moja. Nyingine zilikwama, na siku moja Mombasa nzima ikasimama kwa muda wa saa mbili kwa ajili yetu. Msimamizi wa mashine, Bwana Garama, alituma barua kali. Wiki iliyofuata akatuma kali zaidi. Tulikuja kujua baadaye kwamba alipoifungua mashine alikuta unga mweupe umejaa ndani, akaamini makarani wake wanakulia mandazi juu yake. Alipiga marufuku chakula ghorofa nzima. Watu wazima kumi na wawili walishinda na njaa wiki tano, na unga ukaendelea kuja.

Bwana Chirau alichukulia jambo hili kama mwenye nyumba aliyeambiwa kuwa mgeni wake hakushiba. Akaongeza wanga.

Mwezi Septemba ofisi kuu ikatoa agizo. Tawi la Msambweni lipewe hadi mwisho wa mwezi kutafuta chanzo, na ikiwa ni uzembe, mwenye uzembe aondolewe. Hapo kila mtu alielewa ni kazi ya nani iliyo mezani. Bwana Chirau alikuwa na miaka ishirini na mitatu ya utumishi, watoto sita, na mke, Bi Mwanaima, aliyekuwa mgonjwa wa kifua mwaka ule wote. Kuondolewa kwa uzembe ni kuondoka mikono mitupu.

Meneja wetu wa wakati huo alikuwa Bwana Nzai. Hivi sasa yuko ofisi kuu, na ametupa ruhusa ya kuyasimulia haya, akisema kicheko cha kujichekea ni afya. Bwana Nzai alikuwa amesoma mahali fulani kwamba sumaku huua wino wa chuma. Na kwenye meza ya Bwana Chirau, hatua moja kutoka kwenye hundi, ilikuwapo sumaku kubwa yenye umbo la kwato. Bwana Chirau aliifunga uzi na kuiburuta sakafuni kila jioni kuokota pini zilizoanguka. Tangu 1958 tawi hili halijanunua pini.

Bwana Nzai aliona ameshamkamata mchawi. Aliizungushia sumaku kitambaa mara tatu, akaibeba kwa mkono ulionyooka mbali na mwili wake, akaifungia ndani ya kasha la chuma, ambako ilinata ukutani na ikachukua watu wawili kuibandua. Tarehe 14 Septemba ikaandikwa barua ya kwenda ofisi kuu. Ilisema kwamba chanzo kimepatikana, kwamba ni uzembe wa karani wa hundi, na kwamba meneja anapendekeza karani huyo aondolewe. Tuliamini kwamba Bwana Chirau hajui.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Bwana Garama akaja mwenyewe kwa basi, amebeba mkoba na barua ile ndani yake. Alifika saa nane na robo mchana. Alikuwa mtu mfupi aliyekonda, na uchungu wa wiki tano bila mandazi ulikuwa bado usoni mwake. Bwana Nzai alimlaki nje na kumweleza habari ya sumaku kabla hajapewa maji.

Bwana Garama alisikiliza, kisha akauliza sumaku iko wapi. Akaonyeshwa kasha la chuma.

"Bwana Nzai, mashine yenyewe inaanza kwa kuutia wino sumaku," akasema. "Wino ni kama mtu anayekwenda kuoga, sumaku yako hii ndogo itamfanya nini? Ndiyo kwanza anarushiwa maji njiani."

Bwana Garama akapiga hatua kuingia chumba cha ndani, akasita mlangoni. Akanusa. Akanusa tena, amefumba macho, kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni.

"Hii harufu," akasema taratibu, "ndiyo ya mashine yangu ikipata moto. Ni harufu ya nini?"

Ndani, Bwana Chirau alikuwa katika kilele cha kazi. Makaa yalikuwa yameshika vizuri, hundi sabini zilikuwa kwenye kamba, na kwa kuwa alikuwa amesikia mgeni kutoka Mombasa anakuja, siku hiyo alikoroga wanga mzito kuliko siku zote. Aliiweka pasi kando, akafuta mikono, akamwamkia mgeni kwa adabu zote na kumwomba aketi.

"Ni wanga wa muhogo, Bwana Garama," akasema kwa fahari. "Karibu. Ukiwa na shati lolote la safari lililokunjamana, pasi iko tayari."

Bwana Garama hakuketi. Alikwenda kwenye kamba, akachukua hundi moja, akaikunja. Ikavunjika. Vumbi jeupe likamwangukia kiatuni. Alilitazama vumbi lile kwa muda mrefu, na mwandishi aliyekuwa amesimama na sinia la chai anaapa kwamba machozi yalimlengalenga. Akaeleza hapo hapo, bila ukali. Wanga ndio unaozigandanisha hundi mbili mbili. Wanga ndio unaobanduka na kuziba mahali mashine inapopapasia tarakimu. Mwaka 1964 jicho la mtu lilipenda unyoofu na ukavu ule, lakini mashine haina haja na uzuri. Inataka karatasi iwe karatasi.

Bwana Chirau angeweza kunyamaza. Bwana Nzai alikuwa ameaibika na sumaku yake, Bwana Garama alikuwa amechoka, na mwenye kuongea maneno mawili matatu ya hali ya hewa angelipitisha jambo lile. Yeye aliinama akazima makaa kwa mchanga. Kisha akasimama mbele yao.

"Basi ni mimi," akasema. "Si sumaku, wala si Mombasa. Miaka kumi na moja nimekuwa nikiwatia watu unga. Andikeni hivyo, na mimi nitatia saini."

Bwana Garama alitoa barua mkobani, akaisoma tena, akairudisha. Akasema kwamba barua inazungumzia mtu mzembe, na yeye tangu aingie hapa hajamwona, amemwona mtu mmoja tu aliyezidisha bidii. Akampa hadi mwisho wa Oktoba. Hundi zinazotapikwa zishuke zisizidi mbili kwa mia. Zikishuka, abaki. Zisiposhuka, barua itakwenda ilivyo.

Watu wengi wangedhani kazi imekwisha, tupa pasi na muhogo. Lakini pasi ilikuwa imeficha ugonjwa wa pili. Hundi bila pasi zilibaki na makunyanzi ya fundo, na kunyanzi likipita juu ya tarakimu, mashine hupapasa ikapotea. Wiki ya kwanza ya Oktoba zilitapikwa ishirini na mbili. Bwana Chirau alifunga sanduku lake la chakula, akaomba ruhusa ya alasiri, akaenda kwa wenye leso.

Alikwenda siku za kupimwa nazi, akasimama kwenye kivuli cha ghala, hundi mkononi. Aliwaambia akina mama kwamba leso ina mji, pale katikati, na ina pindo, na hundi vilevile. Mji wa hundi ni pale panapoandikwa jina la mtu, hapo fanyeni mtakavyo. Pindo lake ni ule ukanda mweupe chini, na humo mna namba inayoijua hundi inakwenda kwa nani hata ikidondoka Nairobi. Fungeni kitu chochote kwenye pindo la leso, lakini pindo la hundi msilifunge, msilikunje, msilichome pini. Maelezo hayo yalieleweka kwa dakika moja, na mwandishi amewahi kuyasikia yakirudiwa harusini.

Kuelewa hakukutosha. Mwenyekiti wa ushirika, Bi Mwanamkuu, mama mpana mwenye sauti inayovuka mto, alisimama akamuuliza jambo ambalo waraka wote wa ofisi kuu haukuwa umelifikiria.

"Sawa, Chirau mwanangu, tumesikia. Ila mimi nguo yangu haina mfuko. Haijapata kuwa na mfuko tangu nivae nguo. Nisiifunge, nisiikunje. Niibebe kwa meno?"

Bwana Chirau alirudi ofisini siku hiyo hakula. Alijaribu bahasha, zikalowa jasho. Alijaribu vipande vya kadibodi, akina mama wakavitumia kupepea moto. Wiki ya pili zilitapikwa kumi na tisa. Wiki ya tatu Bi Mwanamkuu mwenyewe akaja dirishani, akatia mkono kifuani chini ya leso, akatoa kitu bapa cha ukindu, kimesukwa kama mkeka lakini ukubwa wa kiganja na nusu, kina kifuniko na kitanzi cha kuvaa shingoni. Akakifungua. Ndani hundi ilikuwa imelala, haina hata mstari.

Alikuwa amekisuka kwa usiku wa siku mbili na kuwafundisha wenzake. Ijumaa ya wiki hiyo vilikuwa thelathini. Mwisho wa mwezi ilikuwa ni aibu kwa mwanamke wa Msambweni kuonekana na hundi bila kipochi, na wengine walitia nakshi ya zambarau. Wafanyakazi wenzetu wa Mombasa waliagiza dazeni nne. Hivi sasa vinauzwa Diani kwa wageni wa hotelini, ambao hutia sabuni ndani yake.

Jumamosi tarehe 31 Oktoba 1970 ikaja simu kutoka Mombasa. Bwana Nzai aliinua, akasikiliza, akabadilika rangi. Hundi mia zilikuwa zimepita asubuhi hiyo. Imetapikwa moja. Ilikuwa ya Bwana Nzai mwenyewe, aliyeikunja mara nne na kuikalia katika mfuko wa nyuma kutoka Ukunda mpaka hapa. Bwana Chirau alipoambiwa hakucheka. Alimpelekea meneja kipochi, chenye nakshi ya zambarau.

Tangu siku hiyo tawi letu halijazidi mbili kwa mia. Bwana Chirau amewafundisha makarani wa matawi saba namna ya kuhifadhi pindo, Kwale wakiwamo, ambako alikwenda akiwa amevaa shati jipya. Ile barua ya sifa ya 1964 bado iko ukutani. Bwana Nzai aliwahi kutaka iondolewe, naye akaomba iachwe, kwa hoja kwamba hundi zilikuwa safi kweli. Anastaafu kwenda Gazi kwa minazi yake na kwa Bi Mwanaima, ambaye kifua chake kimepona na ambaye ametuambia tusidhani anampokea mume bure bure, kuna paa la kuezeka.

Wasifu wa kawaida huishia hapa, kwa kumshukuru mstaafu kwa niaba ya wafanyakazi wote. Bwana Chirau, wafanyakazi wote wanakushukuru. Sasa kuna langu.

Ile barua ya tarehe 14 Septemba niliipiga mimi. Bwana Nzai alisema, mimi nikabonyeza. Ningeweza kudai kwamba taipureta imeharibika, iliwahi kuharibika kwa sababu ndogo zaidi. Habari za sumaku sikuzijua, lakini nilijua kwamba wewe si mzembe. Nikafika kwenye neno "mzembe" nikalipiga vizuri, bila kufuta hata herufi moja. Wewe ndiye uliyekuwa ukifungasha barua za posta. Ulikuja ukaichukua bahasha ile mezani kwangu, ukaibandika stempu, ukaniuliza mama yangu anaendeleaje na mguu wake. Nikakujibu anaendelea vizuri. Nikajipa moyo kwamba hujui kilichomo, na kwa miaka minne sikukwambia neno.

Jumatatu ya wiki hii nililifungua jalada la mwaka 1970 kutafuta tarehe za kuandika wasifu huu. Kila nakala ya barua inayotoka ofisini hupitia kwako kwanza ili uiweke jaladani. Jambo hilo nilikuwa nimelisahau, kwa sababu nilihitaji kulisahau. Nakala iko mahali pake, imetobolewa sawasawa, ina namba yake. Pembeni umeandika kwa penseli kama unavyoandika kwenye kila barua: "Nimeiona. C.A." Tarehe ni ile ile, 14 Septemba. Na chini yake, kwa mwandiko mdogo zaidi: "Iwapo patafanywa uchunguzi baadaye, mpiga taipu alipiga alivyoambiwa. Asisumbuliwe."

Uliandika hivyo ukijua kwamba mwezi unaofuata huenda huna kazi, na kwamba atakayelisoma jalada lile hatakuwa wewe. Halafu ukaja mezani kwangu ukaniuliza habari za mama.

Mguu wake haukuwa unaendelea vizuri siku ile, Bwana Chirau. Nilikudanganya kwa hilo pia. Sasa umepona, anatembea mwenyewe mpaka kisimani, na amenituma nikwambie kwamba anakuombea umri mrefu, afya, na paa lisilovuja. Nami nakuombea hayo hayo. Nisamehe, na uende salama.